Peugeot ya plastiki inayosomwa kwa vidole

Wale mnaopita hapa kutafuta habari za hifadhidata na seva, leo mtanivumilia. Niko nyumbani Navakholo wiki ya tatu sasa. Mchana nafanya kazi ya ofisi kwa mbali (mtandao ukikubali), jioni nakwangua plastiki. Kompyuta haihusiki sana na habari hii, ila najijua, nitaiingiza tu.

Kitu chenyewe ni gari la kuchezea, Peugeot 504 saluni, ambalo Baba alilinunua Kakamega mjini mwaka 1984. Tumboni lina chapa ya kusema limetengenezwa Hong Kong, kama vitu vingi vya plastiki vya miaka hiyo. Jina la kiwanda halipo. Ni jekundu, madirisha ni matundu matupu, na nyuma lina kile kigurudumu cha ndani cha msuguano: ulisukume mara tatu sakafuni, uliachie, liende likilia kama nyuki. Ndugu zangu na mimi tulilikimbiza mpaka likachoka.

Baba alikuwa dereva wa serikali zamani Kakamega ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, kabla mikoa haijatoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Gari alilokaa nalo muda mrefu kuliko yote lilikuwa 504 nyeupe yenye namba za GK. Alilendesha kwenye lami na kwenye muramu, likiwa limebeba wakubwa na mafaili yao. Siku hizi haendeshi chochote. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, imemla taratibu kutoka pembeni kuja katikati, na ugonjwa huu ukishachukua haurudishi. Amebaki na mwanga kidogo wa mlangoni na wa dirishani.

Tulipokuwa tukipanga vitu vya stoo alilipata gari lile mkononi. Akalipapasa kutoka bampa hadi bampa, akalirudisha mezani. "Hii si 504," akasema.

Nikamwambia ndiyo yenyewe, aliinunua mwenyewe. Akajibu kwamba wakati ule alikuwa na macho, na macho husamehe. Mimi hupokea taarifa za hitilafu kila siku, nyingine kurasa tatu na picha juu yake. Hii ilikuwa na maneno matatu na sikuweza kuifunga kwa kusema "kwangu inafanya kazi".

Basi nikaanza na vipimo. 504 saluni ya kweli ina urefu wa karibu milimita 4,490, upana 1,690, kimo 1,460, na kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni 2,740. Nikapima la plastiki kwa kalipa, halafu nikagawanya. Urefu wake ni milimita 173, yaani moja kwa 26. Upana ni 70, moja kwa 24. Magurudumu yameachana kwa 110, karibu moja kwa 25. Kimo ni 52, moja kwa 28. Gari moja, skeli nne! Kama ni programu ungesema imeandikwa na watu wanne ambao hawajawahi kukutana.

Lakini kuna sababu, wala si ujinga wa aliyelichora. Vitu vya bei rahisi vya aina hii mara nyingi vilitengenezwa vitoshe kwenye boksi na vitumie chesisi moja chini ya bodi kadhaa. Leo Peugeot, kesho Datsun, mashine ya msuguano ni ile ile. Ndiyo maana matundu ya magurudumu kwenye bodi yangu yameachana kwa milimita 105, ambayo kwa skeli ya 26 ni sawa kabisa, ila ekseli ya nyuma imekaa milimita 5 nyuma ya katikati ya tundu lake. Hata wakubwa wa kazi hii walianza hivyo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, skeli ya moja kwa 35 ilitokana na nafasi iliyohitajika kuingiza mota na betri. Baadaye watu dunia nzima wakaifuata kana kwamba imeshuka na amri za mlimani. Tamiya hao hao walipotaka kutoa Porsche 934 mwaka 1976 walinunua Porsche 911 nzima na kuifungua vipande vipande ili waielewe.

Mimi sikuhitaji kununua. Nyuma ya kinu kimoja cha posho hapa kwetu kuna mzoga wa 504 usio na injini, ambamo kuku wa mwenye kinu hutagia. Nikaomba ruhusa, nikaenda na futi ya fundi cherehani na daftari. Ukitaka kujua gari, usiangalie picha zake. Pitisha mkono. 504 ilichorwa na Pininfarina wa Italia, ikatoka mwaka 1968, na alama yake kubwa ni buti: linatoka kwenye kioo cha nyuma likiwa karibu tambarare, halafu linavunjika na kuteremka ghafla kwenda kwenye taa. Dereva yeyote wa zamani anaijua ile teremko kwa kiganja, maana ndipo alipokuwa akibonyeza kufunga buti. Taa za mbele nazo si duara wala mstatili, pembe za nje zimevutwa juu. La plastiki lilikuwa na buti tambarare kama meza na taa za mstatili.

Nikarudi nikiwa na orodha ndefu, na hapo nikabidi nijiulize swali ambalo wanaokarabati modeli huwa hawajiulizi. Ukisoma ushauri wao, karibu wote ni wa macho: punguza upana wa mistari ya milango, weka nyaya za injini, paka kivuli kwenye grili. Mtumiaji wangu haoni. Ncha ya kidole ina uwezo wake na mipaka yake, na mipaka hiyo inajulikana, kwa sababu maandishi ya Braille yamejengwa juu yake: nukta zina kimo cha karibu nusu milimita na zimeachana kwa karibu milimita mbili na nusu. Chochote kilicho chini sana ya hapo, au kilichobanana zaidi ya hapo, kwa kidole ni mkwaruzo tu.

Chukua mistari ya milango. Kwenye gari langu ina upana wa milimita moja. Zidisha kwa 26, unapata mwanya wa sentimita mbili na nusu kati ya mlango na bodi, mbuzi atachungulia. Mtu wa macho angeiziba na kuichonga upya kwa sindano. Mimi nikaiacha ilivyo, kwa sababu kidole cha Baba kinaingia humo na kujua mlango wa mbele unaishia wapi. Grili, kinyume chake, wengine wangekaa nayo wiki. Mimi nilimaliza kwa dakika kumi. Vyuma vyake kwa skeli hii vimebanana mno kwa kidole, kwa hiyo nilisawazisha na kuinua kitu kimoja tu katikati, nembo ya simba, kubwa kidogo kuliko haki yake.

Kilichonishangaza ni unene. Plastiki ya pindo la tundu la gurudumu ilikuwa milimita 2. Mara 26 ni sentimita 5.2. Bati la gari la kweli halifiki hata milimita moja! Hiki ndicho kinachofanya vitu vya bei rahisi viitwe vya bei rahisi hata na mtoto asiyejua skeli ni nini. Jicho linaona ukuta wa ngome pale lilipotarajia bati, na kidole kinaona hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Dawa yake haigharimu kitu: kwangua kwa ndani, upande usioonekana, mpaka pindo libaki kama nusu milimita, huku katikati pakibaki nene kwa ajili ya nguvu. Nilitumia wembe wa kukata makaratasi, nikiuvuta kama mtu anayeparua karoti, halafu msasa uliozungushwa kwenye penseli. Matundu manne, jioni tatu. Kama una gari la namna hii na una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili.

Kabla ya gundi na rangi, jua plastiki yako. Kata kipande kidogo kwa ndani, kitie kwenye glasi ya maji. Kikizama huenda ni polistirini au jamaa zake, na hizo hukubali msasa, gundi na rangi. Kikielea ni polithini au polipropilini, hizo hazishikwi na gundi ya kawaida wala rangi, itabambuka kama ngozi ya nyoka. Langu lilizama. Na tafadhali, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha isikaribie, asetoni huyeyusha polistirini mbele ya macho yako.

Buti lilihitaji upasuaji. Huwezi kukwangua teremko la milimita 3 kwenye plastiki ya milimita 2, utatokea upande wa pili. Kwa hiyo kwanza nikajaza kwa ndani: tabaka la supaglu, vumbi la bekingi soda juu yake, linaganda papo hapo na kuwa gumu kama jiwe, halafu tabaka jingine. (Fanya mahali penye hewa, ule moshi wake unawasha macho, na katika nyumba hii macho tumeshayalipia vya kutosha.) Ilipofika milimita 5 nikageuza, nikachukua tupa, nikaanza kuteremsha kwa nje. Sikupima kwa kalipa hapa. Nilikwenda nalo kwa Baba kila baada ya dakika chache. Anaweka kiganja, anasema bado, bado, hapo umefika, sasa pembe ya kulia. Ukiwahi kufanya kazi na mteja aliyekaa kando yako badala ya kutuma barua pepe baada ya mwezi, unajua raha yake.

Kwa magurudumu nina majivuno kidogo. Ya awali yalikuwa na kipenyo cha milimita 21. Tairi la mzoga wa kwenye kinu nilipima karibu sentimita 63, ambayo kwa skeli ya 26 ni milimita 24 na kitu. Duka la vifaa vya ujenzi lina paipu nyeusi ya maji yenye kipenyo cha nje cha milimita 25, na fundi wa mabomba akanipa kipande alichokuwa akitupa. Uwazi wake wa ndani ni kama milimita 20. Nikakata pete nne, nikasugua magurudumu ya zamani kidogo, nikazitia pete kwenye maji ya moto, zikalainika, nikazisukuma juu. Zilipopoa zikakaza. Hakuna gundi, na hata ingekuwepo isingeshika, maana paipu hizi ni polithini. Hazihitaji rangi pia, tayari ni nyeusi na zina ule wepesi wa kuteleza ambao Baba aliuita tairi kipara, akasema gari la serikali haliendi na tairi kipara. Nikazikwaruza mifereji kwa msumeno.

Kisha nikaling'oa sanduku lote la msuguano na kulisogeza mbele milimita 5, nikatoboa mashimo mapya ya skrubu. Matairi makubwa yaliinua gari milimita 2, na kushusha ekseli kukaongeza 2 nyingine. Kimo kikawa 56, yaani moja kwa 26 barabara. Vipimo vitatu kati ya vinne sasa vilikubaliana. Upana nimeuacha. Kupunguza upana ni kukata gari katikati kwa urefu wake, na sina sababu ya kutosha wala roho ya kutosha.

Nikalipeleka. Akalishika kwenye matundu ya magurudumu, vidole viwili mbele na viwili nyuma, kama anayepima kitu. Akasema hili limetoka kuoshwa, halijabeba mtu.

Ilinichukua muda kuelewa. Vipimo vya kiwandani ni vya gari tupu lililosimama penye usawa. Yeye hakuwahi kuwa nalo tupu. Nyuma alikaa afisa, mara nyingi na mwenzake, na kwenye buti kulikuwa na mafaili, dumu la maji, gurudumu la akiba, na wakati wa mavuno ndizi za mtu. 504 aliyoijua yeye daima imeinama nyuma kidogo, na springi zake zilikuwa laini, ndiyo sababu watu waliipenda kwenye barabara mbovu. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa ile ya milango miwili mwaka 1978, lakini Baba hana habari na hao. Anaongea kuhusu mashimo ya njia ya Ingotse kabla haijawekwa lami. Nikashusha nyuma kwa milimita moja na nusu. Kalipa inapinga. Mtumiaji ameridhika.

Jambo ambalo hatukukubaliana kwa urahisi ni alama za meno. Kwenye kona ya boneti kuna vidoti vinne, kaka yangu alivitia akiwa na miaka miwili. Kaka huyo hatunaye tena. Mimi nilikuwa nimeamua kabla ya kuanza kwamba pale hapaguswi, na hata nilipopaka msasa nilipakwepa. Baba akazikuta kwa kidole gumba. Nikamweleza ni nini. Alinyamaza kidogo, akaendelea kupitisha kidole pale pale, kisha akasema ziba. Gari la serikali lilikaguliwa kila Jumatatu, na bonde kwenye boneti lilitaka maelezo kwa maandishi. Nikajaribu kumwambia kwamba ni kumbukumbu. Akasema kumbukumbu ya mtoto anayo, hahitaji kuishika, gari ndilo ameanza kulisahau.

Nikaziba nusu. Yaani nilijaza vidoti vitatu na kimoja kikabaki, kwa upande wa chini wa pindo ambapo kidole hakifiki bila kukusudia. Sijui kama amekifikia. Hajasema.

Rangi nilidhani tutairuka. Mtu haoni, rangi ya nini? Yeye akauliza rangi kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Ilikuwa nyeupe, lakini si nyeupe ya karatasi, ni ya maziwa yaliyokaa kwenye moto mpaka yakaota utando. Nilinunua mkebe wa rangi ya kupuliza ya magari, ya malai. Tahadhari yake: ikilowa sana inakula polistirini, na ikiwa nene inafuta kazi yote uliyofanya. Rangi ya gari la kweli ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa skeli ya 26 hiyo ni kidogo kuliko unavyoweza kupuliza kwa mkono, kwa hiyo kila tone la ziada ni blanketi juu ya gari. Undakoti ya kijivu kwanza, nyembamba. Halafu rangi kwa ukungu kutoka mbali, mara tano, ukisubiri ikauke kila mara. Katikati yake msasa wa maji namba 1000. Fanya asubuhi, maana Navakholo alasiri mvua huja bila kubisha hodi na unyevu huipa rangi ukungu mweupe.

Vioo nilikata kwenye chupa ya maji ya kunywa, mahali palipo na mkunjo unaofanana na kioo cha mbele. Nilikuwa nimefikiria kutumia makasha ya zamani ya sidii, ambayo ni polistirini safi ya kuonea (si ya zile sidii za Ubuntu tulizokuwa tukiletewa bure kwa posta, zile zilikuja kwenye bahasha za karatasi). Ila kasha lina unene wa zaidi ya milimita moja na halipindi, linavunjika.

Wageni wanapokuja sasa anawaonyesha, na huwauliza kama rangi ni ile. Wanaoijua GK wanasema ndiyo. Mjukuu wake wa darasa la nne alifundishwa juzi pahali pa kuweka jeki, kwa kutumia kijiti cha kiberiti, na akafundishwa pia kwamba huingii chini ya gari lililo juu ya jeki, hata likiwa la plastiki.

Imefunguliwa taarifa mpya. Nyuma ya magurudumu hakuna vile vipande vya mpira vya kuzuia matope, na bila hivyo milango ingechafuka kabla ya kufika Nambacha. Kwenye mzoga vilikuwa na upana wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo nahitaji milimita 11 na nusu. Fundi wa baiskeli sokoni ameniwekea kipande cha tyubu.